Kumwachisha kazi dada wa kutoka nje anayemhudumia mzazi nyumbani, wakati pesa imekata: mwongozo kamili kwa sisi wa Uganda

Hii naandikia watu wa aina yangu. Si tajiri, mzazi aliugua, ukalazimika kutafuta mtu wa kuishi naye ndani ya nyumba, na mtu mwenyewe ukamtoa nje ya nchi, sasa pesa imekata na hujui unaanzia wapi.

Sisi tuko Kibuli, hapa Kampala. Mama alipata kiharusi, halafu kidogo kidogo akili ikaanza kurudi nyuma, Kiganda chote alichoongea miaka na miaka kikapotea akabaki na Kiswahili cha utotoni cha kwao Bukoba. Wasichana wa hapa tuliowajaribu walikuwa wazuri tu lakini mama alikuwa hawaelewi, anaogopa, anakataa kula. Ndo shangazi wa kule akatutafutia binti aliyewahi kufanya kazi zahanati, akaja, akakaa na mama miaka miwili na miezi mitano. Aliyekuwa anatoa pesa nyingi ni mdogo wangu, mlinzi kule Dubai, sasa kampuni yao ikapunguza watu wakampa tiketi na siku tatu za kufunga virago, akarudi na begi moja. Mimi nauza vitenge, na biashara ya vitenge kuna mwezi inacheka na kuna mwezi inanuna.

Kabla sijaingia kwenye hatua, shika hili moja: kumaliza kazi nako kuna bei yake, na bei hiyo unaitenga wakati mfukoni bado kuna kitu. Wengi tunafanya kinyume, tunajikaza mpaka shilingi ya mwisho kwa sababu ya huruma au aibu, mshahara unalala mwezi, unalala miezi miwili, halafu siku ya kuagana hata nauli ya kumfikisha mpakani hamna. Hapo huruma yote uliyokuwa nayo imegeuka deni.

Hatua ya kwanza: hesabu kurudi nyuma

Chukua kalenda. Usiulize "tutamweka mpaka lini", uliza "pesa ya kumuaga vizuri ni ngapi, na ikishatolewa pembeni zinabaki za miezi mingapi".

Kwetu ilikuwa hivi. Familia ilikuwa inachanga 300,000 kwa mwezi. Matumizi ya mama yalikuwa 700,000, hapo mshahara wa dada 400,000 na zilizobaki ni dawa za presha, pampasi, maziwa, na chakula cha wote wawili. Kwa hiyo kila mwezi kuna shimo la 400,000 tunaliziba na akiba, na akiba ilikuwa imebaki milioni mbili. Ukipiga haraka haraka unasema aa, tuna miezi mitano. Uongo. Pesa ya kumuaga (nitakuonyesha hesabu yake huko chini) ilikuwa milioni moja na ushee, ukiitoa inabaki kama 930,000, yaani miezi miwili na siku kadhaa. Kwa hiyo barua ilitakiwa itoke baada ya miezi miwili na si mitano, na mimi nilipoliona hilo nilikaa kwenye ngazi za duka nikanyamaza kabisa.

Hatua ya pili: mkutano wa familia, mmoja tu

Usiende kwa dada kabla ya ndugu zako kusema wazi wazi nani anatoa nini. Sio "nitaangalia", sio "Mungu atajalia". Nani, shilingi ngapi, tarehe ngapi. Kaka yangu wa Mbale alisema atatoa laki moja kila mwezi, nikamwambia tuma ya mwezi huu sasa hivi tukiwa tumekaa hapa, akacheka, hakutuma. Nikajua.

Kwenye mkutano huo huo angalieni njia za katikati. Dada anaweza kuja mchana tu? Kwa mtu wa kutoka nje mara nyingi haiwezekani maana hana pa kulala, na kodi ya chumba atakayolipa inakula mshahara wote. Jirani mwenye mgonjwa anaweza kushirikiana naye na mkagawana mshahara? Hii inawezekana ila dada mwenyewe akubali, na wagonjwa wawili ni kazi mbili, usimlipe ya moja. Kupunguza mshahara pia ni jambo la kukubaliana naye kwa maandishi, huwezi kuamka tu ukampa 250,000 ukasema hali ni ngumu.

Kama mzazi ana miaka 80 au zaidi na hajaandikishwa SAGE, ile pesa ya serikali ya wazee, nenda kaandikishe, ni 25,000 kwa mwezi. Najua, ni pampasi za siku chache tu. Lakini ni yake.

Wiki moja inatosha kwa yote haya. Zaidi ya hapo mnazungushana tu.

Hatua ya tatu: jua dada yako yuko upande gani wa karatasi

"Mtu wa nje" si kitu kimoja. Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kuja kwetu hata kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania kama wetu alikuja na pasipoti. Wote hawa ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki lakini ujumuiya haufuti kibali cha kazi, kibali bado kinaombwa uhamiaji, na kibali kinafungwa kwa mwajiri aliyekiombea, sio kwamba anatoka kwako anahamia nacho kwa mtu mwingine wa Ntinda. Kwa hiyo kazi ikiisha, andika barua fupi kwa uhamiaji pale Wizara ya Mambo ya Ndani kwenye barabara ya Jinja kusema kazi imekwisha tarehe fulani, na wewe baki na kopi iliyogongwa muhuri. Akipata mwajiri mwingine hapa hapa, yule mwajiri mpya aanze kushughulikia kibali kabla muda wake haujaisha.

Kama alikuwa hana kibali kabisa, anagongewa tu muhuri wa mgeni kila mara, na najua hali hiyo iko nyumba nyingi, basi usije ukatumia hilo kama fimbo. "Ukisumbua naita uhamiaji." Aliyemwajiri mtu bila kibali ana kosa lake pia, kwa hiyo unayemuitia ni wewe. Na pasipoti yake isikae kwenye kabati lako hata siku moja. Kama iko huko, inuka sasa hivi ukampe halafu urudi uendelee kusoma. Kumshikia mtu hati zake ili asiondoke ni njia ya mkato ya kujikuta unahojiwa chini ya sheria ya 2009 ya usafirishaji haramu wa watu.

Halafu kuna dada Mkongo au Mrundi mwenye karatasi za ukimbizi, na huyu ni habari nyingine kabisa. Kwanza mkimbizi Uganda anaruhusiwa kufanya kazi, sheria ya wakimbizi ya 2006 inasema hivyo. Pili, huwezi kusema "nampandisha basi arudi kwao", kwao ndiko alikokimbia. Muulize yeye anataka kwenda wapi: ana ndugu kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka, Rwamwanja? Ana watu Nsambya au Katwe? Nauli unampa ya huko. Na kama karatasi zake zina shida, ofisi inayoshughulika na wakimbizi wa mjini ni ya Waziri Mkuu pale Old Kampala, mpe hata siku nzima ya kwenda huko akiwa bado ana mshahara.

Hatua ya nne: hesabu yenyewe

Sheria ya ajira ya 2006 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomhusu karani wa benki. Watu hawaamini hili. Kinachotuchanganya ni kwamba kima cha chini cha mshahara Uganda ni kile kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, basi mtu anaona kama sheria yote ya kazi ililala mwaka huo. Haikulala.

Anza na notisi. Akiwa kwenye majaribio, siku 14. Amepita miezi 6 lakini hajafika mwaka, wiki 2. Mwaka mmoja mpaka miaka 5, mwezi mmoja. Miaka 5 mpaka 10, miezi 2. Miaka 10 na kuendelea, miezi 3. Kwenye mkataba hamwezi kuandika kwamba hatapewa notisi, hiyo haisimami, lakini akikubali mwenyewe unaweza kumlipa pesa ya muda huo badala ya yeye kuufanyia kazi.

Halafu likizo. Kila miezi minne ya kazi inampa siku 7 za likizo yenye mshahara, kwa mwaka siku 21. Hapa ndo nyumba nyingi zinaanguka, maana dada anayelala nyumbani huonekana kama yuko likizo kila siku anapokaa kuangalia TV na mgonjwa. Hayuko likizo. Hata pumziko la saa 24 kila wiki ni haki yake, na kama mmekaa miaka miwili hamjampa, kaeni naye muone mnalifidia vipi.

Hesabu yetu: mshahara 400,000. Mwezi wa notisi, 400,000. Tulikuwa tumebakiza balansi ya nusu mwezi, 200,000. Likizo yake ya mwisho aliichukua miezi minane nyuma, kwa hiyo siku 14, tukagawa 400,000 kwa siku 26 za kazi tukapata kama 15,385 kwa siku, jumla 215,400 hivi. Nauli mpaka Bukoba na chakula cha njiani tukaweka 150,000. Ahsante ya familia, 100,000, hii sheria hailazimishi lakini mke wangu aliilazimisha. Jumla 1,065,400.

Kiinua mgongo? Sheria inataja hali zake. Mwajiri kufilisika imo, ila kupungukiwa pesa tu halafu ukafuata notisi vizuri haikutajwa. Lakini sikiliza hii: kama wewe umeacha kulipa mshahara, akaenda kwa afisa wa kazi, na afisa ndiye akauvunja mkataba kwa sababu hulipi, hapo kiinua mgongo kinaingia kwa yeyote aliyefikisha miezi 6. Ndo maana nilikuambia kule juu, kujikaza mpaka mwisho ni ghali.

Nauli ya kurudi nayo ina maneno yake. Mtu uliyemtoa mbali zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama yako mpaka pale ulipomchukulia, kama muda wa mkataba umeisha, kama anaondoka kwa ugonjwa au ajali, kama afisa wa kazi au mahakama imeamua, au kama mmekubaliana kuachana na mkataba haukuandika vingine. Na akifikisha miaka 10 unamrudisha bila kuuliza ulimtoa wapi. Mimi nasema usianze kutafuta upenyo kwenye hiyo orodha, lipa tu nauli. Umemtoa Bukoba, mrudishe Bukoba.

NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii: tangu marekebisho ya 2022 haijalishi una mfanyakazi mmoja au mia, unatakiwa kuchangia, asilimia 10 yako na 5 yake. Kwa mshahara wa 400,000 ni 40,000 na 20,000. Kama ulikuwa unalipa, mpe namba yake ya uanachama na muende wote kuuliza kuhusu malipo ya mtu anayehama Uganda moja kwa moja, kwa sababu akishavuka, kufuatilia ni kazi. Kama ulikuwa hulipi, na hasa kama ulikuwa unamkata ile 5 na haufikishi, hilo ni deni, liweke kwenye hesabu kabla ya ahsante.

Hatua ya tano: kumwambia

Hapa nilikosea, naeleza ili usirudie. Tulikuwa tumeshaongea na ndugu, mimi na mke wangu tukawa tunapanga usiku kwa sauti ya chini tukidhani watoto wamelala. Asubuhi mwanangu wa miaka saba akamuuliza dada, "Utarudi kwenu lini, baba anasema pesa zimeisha." Dada akaendelea kumlisha mama uji, hakusema kitu. Nilipotoka dukani jioni nikamkuta amekunja nguo zake zote juu ya kitanda. Ilinichukua siku mbili kumrudisha kwenye maongezi, na aliniambia kitu kimoja tu, "Kaka, ungeniambia mimi kwanza."

Kwa hiyo mwambie yeye kwanza, kabla ya watoto, kabla ya majirani, kabla ya chemani wa LC1 (mwenyekiti wa mtaa), kabla ya mtu wa steji ya boda ambaye anajua kila kitu mtaani. Mwambie mchana, mgonjwa akiwa amelala, na awepo mke au dada yako, usimkalishe binti wa watu peke yako chumbani. Isiwe Ijumaa jioni akakaa wikendi nzima bila ofisi ya kuuliza wala mtu wa kumpigia. Sema sababu yenyewe: pesa. Onyesha hata daftari kama unaweza. Halafu sema tarehe, na sema kiasi atakachopata. Watu wanaanza na shukrani ndefu za dakika kumi mpaka mtu anafikiri anaongezewa mshahara, usifanye hivyo.

Na kitu ambacho kinanichoma sana, ile tabia ya kutafuta kosa. Pesa imeisha, mwenye nyumba anaona aibu kusema imeisha, basi ghafla sukari inapungua, simu haionekani, dada ni mwizi. Anatolewa usiku bila hata shilingi. Nimeiona kwa watu ninaosali nao. Acha kwanza dhambi, tuongee sheria: ukimtoa mtu kwa kosa unatakiwa umpe nafasi ya kujitetea, akiwa na mtu wake pembeni akitaka, na sababu unayodai uithibitishe. Ukishindwa, ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya, kwa sisi wa Kampala yuko KCCA, mamlaka ya jiji, na afisa anaweza kuamuru ulipe mshahara wa wiki 4 na kuongeza juu mpaka miezi 3. Kwa hiyo ule uongo wa sukari unaweza kukugharimu kuliko ukweli.

Hatua ya sita: barua

Notisi lazima iwe ya maandishi, tena kwa lugha anayoielewa, hii ni sheria si ustaarabu tu. Usimwandikie Kiingereza cha wakili. Yetu ilikuwa hivi, ichukue ubadilishe:

*Dada yetu mpendwa. Tunakujulisha kwamba kazi yako ya kumhudumia mama itaisha tarehe …, mwezi mmoja kuanzia leo. Sababu ni kwamba familia haina tena uwezo wa kulipa mshahara wako. Hakuna kosa ulilofanya. Siku ya mwisho utalipwa: mshahara wa mwezi wa notisi, balansi ya mshahara wa nyuma, siku 14 za likizo, na nauli mpaka Bukoba. Mpaka siku hiyo utaendelea kulala kwenye chumba chako na kula kama kawaida. Tutakupa barua ya kuonyesha kazi uliyofanya.*

Sahihi yako, sahihi yake, tarehe, kopi mbili. Akisaini anasaini kwamba ameipokea, sio kwamba ameifurahia, mweleze hivyo. Sisi tulimwita mama mmoja jirani anayeongea naye Kihaya akawa shahidi, na hapo ndo nikaona bega la dada limeshuka kidogo.

Ile barua ya kazi, yeye akiiomba lazima umpe, ila usingoje aombe. Andika alianza lini, alimaliza lini, alikuwa anafanya nini hasa. Usiandike "kazi za nyumbani". Andika alikuwa anamgeuza mgonjwa, anapima presha, anatoa dawa kwa saa, anamfanyisha mazoezi ya mkono. Hiyo karatasi ndo itampa kazi nyingine Mwanza au Nairobi.

Hatua ya saba: mwezi wa kukabidhiana

Huu mwezi mnaweza kuuona ni wa kungoja tu. Si wa kungoja. Dada anajua mwili wa mama yako kuliko wewe. Mimi nilidhani kumlisha mtu ni kumlisha, kumbe mama alikuwa anakabwa uji ukiwa mwepesi, na dada ndo alikuwa anajua unene wake kwa kuangalia unavyodondoka kwenye kijiko. Kumgeuza kila saa mbili ili asitoke vidonda vya kulala. Bega lipi usilivute. Anaponyamaza ghafla maana yake amejisaidia anaona aibu. Vyote hivi vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja anayeondoka.

Tulifanya hivi, wiki ya kwanza tunaangalia tu na kurekodi video fupi kwa simu. Wiki ya pili na ya tatu sisi tunafanya yeye anatusahihisha, na alitusahihisha haswa, mke wangu aliambiwa mara nne kwamba anamvuta mama kama gunia la posho. Wiki ya nne usiku tukawa tunalala na mama sisi, yeye analala chumba kingine akiwa tayari tukimwita. Usiku wa kwanza tulimwita mara tatu, wa nne hatukumwita.

Kwenye mwezi huo mpe nafasi ya kutafuta kazi. Siku mbili tatu za kutoka, mpigie simu watu unaowajua. Kuna hospitali, kuna familia, kuna msikiti na kanisa, sema kwa mdomo wako kwamba huyu ni mtu mzuri na anaondoka kwa sababu ya pesa tu. Kama aliletwa na wakala, soma mkataba wa wakala kabla hujampigia, usije ukalipa ada ya kubadilishiwa mtu wakati hutaki mtu mwingine.

Hatua ya nane: siku ya malipo na safari

Stahiki zote zinatakiwa zilipwe ndani ya siku 7 baada ya kazi kuisha, lakini kwa mtu anayevuka mpaka wewe lipa kabla hajapanda basi. Tuma kwa mobile money hata kama mmekaa sebule moja, ule ujumbe wa simu ni risiti tosha, na ongeza pesa ya kutolea usimkate yeye. Kama atataka taslimu basi andika kwenye karatasi kila kiasi na kazi yake, asaini. Mwambie asibadilishe shilingi zote kwa wale vijana wa pale mpakani wanaokimbilia abiria, abadilishe za nauli tu, nyingine abadilishe dukani.

Basi liwe la asubuhi. Kwenda Tanzania upande wa Kagera ni Masaka halafu Mutukula, Mkenya anapita Busia au Malaba, Mnyarwanda Katuna. Usimpandishe la usiku ukaokoa elfu kumi akafika mpakani saa tisa za usiku na mshahara wa miezi kwenye begi. Kagua naye pasipoti jioni kabla ya safari, muhuri wake umebakiza siku ngapi, maana akikutwa amepitisha muda faini itamla yeye na kosa ni lenu wote. Begi afunge mwenyewe. Usilikague. Kama miaka miwili hukuwa na shaka naye leo usianze.

Kama kweli kweli hamna pesa

Umechelewa kusoma hii, mshahara umeshalala miezi mitatu, akiba sifuri. Bado kuna njia na siyo kuzima simu. Kaa naye, andikeni deni lote kwa hesabu ile ile, mpe kitu cha kwanza ambacho hakijadiliwi yaani nauli na angalau mshahara wa mwezi mmoja, hata kama ni kuuza friji, na kilichobaki gawanyeni kwa miezi kwa tarehe maalum. Kutoka Uganda unaweza kutuma kwa simu mpaka Kenya na nchi nyingine za jirani. Muende wote wawili kwa afisa wa kazi mkaandikishe makubaliano hayo mbele yake. Wengine wanaona ni kujipeleka kwa simba, lakini aliyekwenda mwenyewe na daftari anasikilizwa tofauti na aliyeletwa kwa wito. Na usimpe godoro au simu ya zamani ukasema hiyo ndo mshahara, mshahara ni pesa. Akilitaka godoro kama zawadi, ni zawadi.

Mzazi mwenyewe

Hili hakuna sheria inayolitaja. Mama alikuwa hakumbuki jina langu siku nyingine lakini sauti ya yule binti aliijua. Tulimwambia siku tatu kabla, kwa Kiswahili, dada mwenyewe ndo alimwambia, "Bibi, naenda kuwasalimia nyumbani." Kama mgonjwa wako ana akili timamu mwambie mapema zaidi na mwambie ukweli wa pesa, ni mtu mzima.

Wiki ya kwanza mama alikataa uji. Asubuhi ya tatu nikampigia dada, akaniambia uji wenyewe unaunyweshaje, nikamweleza, akasema unamsimamia, kaa chini macho yenu yawe sawa, halafu akanitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika moja na nusu hivi, anamsalimia bibi na kumuuliza ameamkaje. Naiweka kila asubuhi kabla ya kijiko cha kwanza. Mama anaijibu, halafu anafungua mdomo.